Alama Tisa za Kija

Mwanangu Kija alipata tisa. Tisa katika mia. Niliisoma mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani pa zahanati ya Nkololo, Jumanne asubuhi, huku nimembeba mgongoni huyo huyo mwenye tisa yake, kichwa chake kimelala begani kwangu na mate yakinilowesha shingo.

Nilisoma mara tatu. Tangu nianze darasa la jioni kwa Mwalimu Januarius nimejizoesha kurudia, maana mara ya kwanza macho husoma yanachotaka. Mara ya tatu bado ilikuwa tisa.

Karatasi ilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ni ya watoto wenye alama ishirini kwenda juu. Hao kila mmoja atatengenezewa kiti maalumu kwa vipimo vya mwili wake, na kila wiki mtaalamu wa viungo atapita kuwafanyisha mazoezi. Ya pili ni ya walio chini ya ishirini. Hao watapewa blanketi, mche wa sabuni na kipande cha nailoni cha kutandika kitandani. Kija alikuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha ya pili.

"Mama Kija, wa kwako kapata ngapi?" Gloria aliniuliza. Mwanawe Marcelo ana mtindio wa ubongo kama Kija wangu. Gloria hajui kusoma, ila mtu alikuwa ameshamsomea ya kwake: thelathini na moja.

"Tisa."

"Tisa!" Akajiziba mdomo, lakini kicheko kikampita vidoleni. "Tisa, mayu? Tisa, mama wee? Hata jogoo wangu mwenye kilema angefika kumi."

"Basi mlete jogoo wako akalie kiti."

Tukacheka wote wawili. Sisi wenye watoto hawa tunataniana hivyo, asiyecheka huwa hafiki mbali. Lakini mimi kicheko kiliniishia njiani.

Kija ana miaka sita. Hakai, hashiki kijiko, hasemi. Namlisha amelala mapajani kwangu, na uji ukienda njia isiyo yake anapaliwa, macho yanamtoka, midomo inageuka rangi. Masika yaliyopita alilazwa Bariadi mara mbili kwa ajili ya kifua. Daktari aliniambia wazi kwamba uji unaingia kwenye mapafu, na kwamba hawezi kuniahidi kitu kuhusu mara ya tatu. Halafu mwezi wa nne watu wa huu mradi wa watoto wenye ulemavu wakaleta kiti cha mfano pale zahanati. Wakamketisha Kija, wakamfunga mikanda miwili ya kitambaa, kichwa kikashikwa na vipande vya sponji huku na huku. Akanywa kikombe kizima cha uji. Nilihesabu vijiko: ishirini na saba. Hakukohoa hata mara moja.

Kwa hiyo sikuondoka. Niliingia chumba cha ndani alimokuwa karani wa mradi, kijana wa Mwanza aitwaye Athanasi, akifunga mafaili yake kwa kamba.

"Shikamoo," nikamwambia, ingawa ni mdogo kwangu. Mwenye shida huanza yeye.

"Marahaba. Mama Kija, siyo? Sogea."

"Nimeona tisa ya mwanangu. Nataka kujua imetoka wapi."

"Imetoka kwenye fomu. Maswali ishirini na tano, kila swali lina alama nne. Tunapima maisha ya mtoto yakoje: anakula vipi, analala vipi, ana maumivu, ana furaha, anawajua watu. Siyo mimi niliyetunga, ni wataalamu."

"Na aliye na maisha mabaya zaidi ndiye anayenyimwa kiti?"

Akakuna kidevu. "Viti ni kumi tu, mama. Wafadhili wanataka viende kwa watoto wanaoweza kupata maendeleo."

"Yaani aliyeshiba anaongezewa ugali."

Nikamwomba anisomee majibu. Alisitasita, kisha akaivuta fomu yetu. Mtoto anacheka au kutabasamu? Hapana. Anawatambua watu wa nyumbani? Hapana. Anafurahia kitu chochote? Hapana. Anakula vizuri? Hali. Kila jibu lilikuwa kama mlango unaofungwa.

"Nani kasema haya?"

"Mkuu wa kaya. Baba mkwe wako, Mzee Ngassa mwenyewe. Niliketi naye pale mlango wa zizi."

Niliikumbuka siku ile. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu na Kija, nikisikia sauti za wanaume bila kushika maneno. Mume wangu Maige alikuwa Bariadi, huko kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, maana tangu waje hawa wanunuzi binafsi msimu wote anashinda kule na anarudi Jumapili tu. Na mimi nisingeweza kutoka nikakae walipokuwa. Kwetu mkamwana haketi anapoketi baba mkwe, hali anapokula, hasemi naye uso kwa uso, na yeye haingii nyumba ya mkamwana hata mvua ya mawe ikinyesha.

"Fomu inaweza kurudiwa?" nikauliza.

"Inaweza, ikiwa aliyejibu anakubali mwenyewe kwamba irudiwe. Alhamisi asubuhi nitapita kwenu. Ijumaa orodha inakwenda Mwanza, na ikishakwenda imekwenda."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimshtaki mzee moyoni. Miaka sita mjukuu yuko bomani kwake, kumbe anamwona gogo. Kila hatua nilitunga sentensi moja kali, na zote nilijua sitaweza kumwambia.

Nilimkuta anasuka kamba ya ng'ombe kwenye kigoda chake mlangoni pa zizi. Mama mkwe wangu, Mektilda, alikuwa anapepeta mtama karibu naye. Maneno yangu kwa baba mkwe hupitia kwa mama mkwe. Hata baba akiwa hatua tano tu, bado huhesabiwa hajasikia mpaka mama ayarudie. Nikasimama kwenye kona ya ghala, uso nimeugeuzia pembeni.

"Mayu, naomba umwulize baba kwa nini aliwaambia wenye fomu kwamba Kija hacheki."

"Baba Maige, mkamwana anauliza kwa nini ulisema Kija hacheki."

Hakuinua macho. "Mwambie niliulizwa na mtu mwenye kalamu."

"Anasema aliulizwa na mtu mwenye kalamu."

"Nimesikia, mayu. Mwulize kalamu imefanya nini."

"Anauliza kalamu..."

"Kwani mimi ni kiziwi?" Baba aliitupa kamba chini. "Mwulize yeye aliyesoma: kwenye daftari la serikali nina ng'ombe wangapi?"

"Kumi na wawili," nikasema kabla mama hajanigeukia.

"Na zizini?"

Mimi ndiye ninayezoa samadi kila asubuhi. Nawajua, na idadi yao siiandiki hapa.

"Umeona," baba akamwambia mama mkwe, kana kwamba ndiye aliyekuwa akibishana naye. "Tangu wakati wa mkoloni, mtu wa karatasi akija unapunguza. Ukitaja ishirini anaandika ishirini, kesho anakuja mwenzake kuchukua. Mwaka wa Operesheni Sogeza walipita wakahesabu nyumba kwa upole kabisa, wakanywa na maziwa yetu. Mwezi uliofuata tukahamishwa, tukaacha nyumba, tukaacha mihogo shambani. Mtu wa karatasi hasemi anachotaka mpaka amalize kuandika. Sasa huyu kijana ananiuliza, mjukuu wako anacheka? Ana furaha? Anakujua? Moyo ukaniambia, Ngassa, kitu kizuri hakitajwi mbele ya kalamu. Nikasema hacheki. Nikasema hali, hamjui mtu. Kwa maneno hayo nani atakuja kumchukua?"

Mama mkwe alifungua mdomo aanze kurudia, akaufunga.

Nami sikuwa na sentensi hata moja kati ya zile nilizotunga njiani. Kila jioni ng'ombe wakirudi, mama mkwe humchukua Kija akamlaza juu ya ngozi pale mlangoni, na baba huwaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Kicheko cha Kija nakisikia nikiwa jikoni. Nilidhani mzee anaita ng'ombe tu. Kumbe amemficha mwanangu kama alivyoficha mitamba yake bora kwa jamaa zake wa Binza.

"Mwambie baba, nimeelewa," nikasema. "Lakini safari hii kalamu haichukui, inaleta. Inaleta kiti. Alhamisi akija, aseme kweli."

"Hapana," baba akajibu. "Mtu aliyedanganya wenye karatasi harudi kujisahihisha. Ndipo wanapomshika. Watasema, kama kwa mtoto ulidanganya, twende na zizini."

Akaokota kamba yake. Maongezi yalikuwa yamekwisha.

Nilikuwa nimebakiwa na Jumatano. Siku nzima nikipalilia nilikuwa nageuza jambo lile. Baba anakijua kicheko cha Kija kuliko mtu yeyote. Lakini Kija anapokula, anakula ndani ya nyumba yangu, na humo baba hajawahi kukanyaga. Hajawahi hata mara moja kumwona akipaliwa. Anajua homa tu, na kwamba mtoto alipelekwa Bariadi akarudi. Lile ninaloliogopa mara tatu kwa siku, yeye halijui kabisa.

Jioni ng'ombe walipoingia, nilipika uji kama kawaida. Nikajitanda khanga kichwani, nikambeba Kija kwa mkono mmoja na bakuli kwa mkono wa pili, nikashika njia ya zizini.

"Wewe!" Mama mkwe alinifuata mbio. "Unakwenda wapi na bakuli?"

"Kumlisha Kija."

"Huko? Baba yuko huko!"

"Ndiyo maana, mayu."

Alinitazama. Nilidhani atanishika mkono. Badala yake akatangulia, akatandika ile ngozi, akaisogeza hatua mbili nyuma ili heshima isivunjike yote. Nikakaa ubavu, uso nimeugeuzia ukuta wa miiba. Sauti ya baba iliyokuwa ikiita ng'ombe ikakatika.

Nilimlisha kama ninavyomlisha siku zote, amelala mapajani, kiwiko changu chini ya shingo yake. Sikuharakisha, sikuzidisha. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikatoka nusu. Cha sita akapaliwa.

Mgongo ulijipinda kama upinde, miguu ikakakamaa, sauti haikutoka. Nikaweka bakuli chini. Nilijua la kufanya, maana nalifanya kila siku, lakini mikono haijapata kuzoea.

"Mwinue!" Kigoda kilianguka nyuma yangu. "Mwinue kichwa! Mwinue!"

Nilimwinua, nikampiga mgongoni. Uji ukatoka puani, kisha hewa ikaingia kwa mlio ule wa mlango mkavu, kisha kilio. Kilio ni kizuri. Akilia anapumua.

Nilipogeuka baba mkwe alikuwa amesimama juu yangu, karibu kuliko alivyowahi kuwa tangu niolewe. Mikono aliinyoosha mbele kama mtu anayepokea mzigo.

"Kila siku?" akaniuliza. Mimi, siyo mama.

"Kila siku, baba. Mara tatu."

Kisha akasema kwa hasira, ila haikunilenga mimi, "Ndama hanyweshwi amelala. Kila mfugaji anajua. Maziwa yanaingia kwenye pumzi, anakufa."

"Najua, baba. Lakini nina mikono miwili. Mmoja wa kijiko, mmoja wa kichwa. Wa kumkalisha sina. Kile kiti ndicho mkono wa tatu."

Alimtazama Kija akilia. Halafu akakumbuka, akarudi nyuma hatua tatu, akakisimamisha kigoda chake, akakaa. Akamgeukia mke wake.

"Mwulize mkamwana, yule mwenye kalamu anakuja saa ngapi?"

Alhamisi Athanasi alifika na pikipiki ya mradi jua halijapanda. Wakasalimiana na baba kwa kirefu, mhola wa nyumbani, mhola wa mifugo, mhola wa mvua. Mimi nilikaa na Kija kwenye kona ya ghala, mahali pa kusikia bila kuonekana sana. Fomu mpya ikatolewa.

"Mzee, unakubali fomu irudiwe?"

"Nakubali. Ile ya kwanza nilidanganya."

Athanasi akashusha kalamu. "Kwa nini, mzee?"

"Hukusema unataka nini."

"Nilisema! Nilisema ni mradi wa watoto wenye ulemavu."

"Wote huwa mnasema kitu."

Kijana akapumua. "Haya. Na hapa juu, mali ya kaya. Ng'ombe uliniambia kumi na wawili. Nayo tuirudie?"

"Hiyo ilikuwa kweli tupu," baba akasema, na papo hapo nyuma yake zizi zima likalia, madume na majike na ndama. Athanasi alitazama juu ya ukuta wa miiba kwa muda, halafu akaandika kumi na wawili. Mama mkwe alijifuta machozi ya kicheko kwa khanga.

Wakaanza. Mtoto anacheka au kutabasamu?

"Anacheka kila jioni. Nikimwita yule ng'ombe mwenye pembe moja, anacheka mpaka mwili wote unatikisika. Nikimruka nisimwite, ananung'unika. Nimemjaribu mara nyingi."

Anawatambua watu wa nyumbani?

"Baba yake akija Jumapili anamjua kwa kengele ya baiskeli, kabla sisi hatujamwona."

Nilimsikiliza nikiwa nimeduwaa. Mambo mengine nilikuwa siyajui hata mimi. Kalamu iliendelea vizuri mpaka swali la kumi na moja: mtoto analala vipi usiku?

Baba akaielekezea kidevu nyumba yangu. "Nyumba ile siingii. Mwulize mama yake."

"Utaratibu, mzee, ni kwamba mkuu wa kaya ndiye anayejibu."

"Mkuu wa kaya amejibu. Amesema mwulize mama yake."

Kwa hiyo nilijibu mimi, kwa sauti yangu, baba mkwe akiwa pale pale amegeuza mgongo. Na hapo ndipo penye mtihani. Gloria alikuwa amenishauri jana yake kisimani: "Pandisha kila kitu, mayu, usiwe mjinga, sema analala kama mfalme." Ishirini ilikuwa mbele yangu, na sikujua tumefika ngapi. Lakini mwanangu ameshafichwa mara moja kwa kupunguzwa, sikutaka nimfiche tena kwa kuongeza. Nikasema halali, anaamka mara nne, mara tano. Nikasema miguu inamkaza, na nikimvalisha nguo analia. Nikasema akila anapaliwa, na nikaeleza vile baba alivyoona. Kila jibu nilisikia kalamu ikiandika kitu kifupi, na kifupi ni sifuri.

Swali la mwisho lilikuwa hili: kwa jumla, maisha ya mtoto huyu ni mabaya sana, mabaya, ya wastani, mazuri, au mazuri sana?

Nilimtazama Kija. Alikuwa anatazama vumbi linavyopanda kwenye mwanga kutoka zizini, mdomo wazi, ametulia.

"Kuna kuandika mawili?" nikauliza.

"Moja tu, mama."

"Basi andika mazuri. Mwili wake una shida, nimekutajia zote. Ila anapendwa, na anajua. Sijasema mazuri sana. Hiyo niachie nafasi, nitakuambia akishakaa."

Athanasi alijumlisha akiwa amechuchumaa, fomu juu ya goti. Midomo yake ilitembea. Nilishika pumzi kama Kija anavyoishika.

"Thelathini na mbili," akasema.

"Niione."

Alinipa karatasi bila kubisha. Nikajumlisha kwa kidole juu ya mchanga, safu kwa safu, jinsi Mwalimu Januarius alivyotufundisha. Nikarudia. "Thelathini na tano. Umeruka swali la tisa, la kengele ya baiskeli."

Akapitia upya, akacheka, akasahihisha. Halafu kwenye orodha ya pili akapiga mstari juu ya jina la Kija, na kwenye ya kwanza, chini ya majina tisa, akaliandika kwa herufi kubwa. Akafungua mkoba wa pikipiki akatoa futi, ile ya fundi cherehani.

"Wa orodha ya kwanza tunawapima kabisa," akasema, "ili fundi seremala aanze Jumatatu. Mshike mtoto, mama."

Nikamnyoosha Kija juu ya ngozi, taratibu, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili. Nyonga hadi goti. Goti hadi kisigino. Makalio hadi bega. Mimi nilisoma namba, Athanasi akaandika. Kija alikuwa anacheka, futi ilikuwa inamtekenya.

"Mapaja, sentimita ishirini na nane," nikasoma.

"Kijana," baba mkwe akaita kutoka kwenye kigoda chake. Alikuwa amegeuka sasa, anatazama. "Hiyo ishirini na nane usiiandike hivyo. Ongeza vidole vinne."

"Kwa nini, mzee? Kiti lazima kimkae sawasawa."

"Atakua," baba akasema. "Andika na vidole vinne."

Athanasi akanitazama. Nikamwambia fundi aweke mbao ya nyuma ya kusogeza, ibane leo, ilegezwe kesho. Akaandika yote mawili, ishirini na nane na vile vidole vinne.